Kidonda Kimepona, Mbona Bado Kinauma? Vipokezi vya Seli na Maumivu Sugu

Aliyewahi kukatakata pilipili kali kwa mikono mitupu atanielewa. Umemaliza kazi, vidole vinawasha kidogo, unaona ni jambo la kupita. Baadaye unafungua bomba la maji ya uvuguvugu, maji yaleyale unayonawia kila siku, na vidole vinawaka kama umevichovya kwenye maji yanayochemka. Unavitoa haraka, unavigeuza kwenye mwanga, unavikagua. Hakuna lengelenge, ngozi haijababuka. Hakuna kilichoungua. Lakini ule moto umeusikia, na ungekula kiapo kwamba ni moto.

Kuna watu wanaoishi hivyo mwaka mzima, bila pilipili. Mgongo ulioshtuka miaka minne iliyopita bado unauma. Goti lililofanyiwa upasuaji likapona vizuri linachoma usiku. Ngozi ya kifua ambayo mkanda wa jeshi ulishaiacha haivumilii hata kuguswa na shati. Wanapigwa picha, wanatolewa damu, majibu yanarudi safi, na mwishowe wanaambiwa maneno mawili ambayo yamewaumiza wengi: "Huna kitu." Naandika makala hii kueleza kwamba kitu kipo. Kipo mahali ambapo eksirei haifiki, kwenye protini ndogo zilizopachikwa katika utando unaozizunguka seli za neva. Protini hizo huitwa vipokezi. Zikibadilika, mtu anaumia kikweli hata kama mwili wake hauna jeraha la kuonyesha.

Kipokezi hakijui maumivu

Seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Kipokezi ni protini iliyopenya utando huo, upande mmoja ukitazama nje na mwingine ndani. Kazi yake ni kugundua kitu kimoja au viwili vinavyotokea nje na kuipa seli habari. Vingine ni milango halisi: vikiguswa na kitu vinachokitambua hufunguka, na ayoni zenye chaji ya umeme hupita. Vingine havina mlango. Hivyo hufanya kazi kama kengele: kikishikwa upande wa nje, upande wa ndani huanzisha msururu wa kemikali zinazobadilisha tabia ya seli nzima. Tofauti hii kati ya mlango na kengele ishikilie, maana maumivu sugu yanazaliwa pale kengele inapoilegeza milango.

Mwaka 1906 mwanafiziolojia Mwingereza Charles Sherrington alipendekeza kwamba mwili una neva maalumu za kugundua madhara, mbali na zile za mguso wa kawaida. Alikuwa sahihi, ila ilichukua karibu karne nzima kabla mtu hajakishika kipokezi chenyewe. Aliyekishika alitumia pilipili. David Julius na wenzake, wakiwa San Francisco, walitaka kujua kapsaisini, kemikali inayoifanya pilipili iwe kali, inagusa nini mwilini. Walikusanya vipande vingi mno vya jeni zinazofanya kazi ndani ya neva za hisia, wakaviingiza kwenye seli ambazo kwa kawaida hazijali pilipili, kisha wakasubiri kuona ni kipande gani kitazifanya ziitikie. Mwaka 1997 walitangaza kwamba wamekipata. Jeni ile ilitengeneza mlango ambao sasa unaitwa TRPV1.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia kila ninaposoma habari hii. Walipoupasha mlango ule joto bila pilipili yoyote, ulifunguka wenyewe, kuanzia nyuzi joto 43 hivi, pale ambapo binadamu huanza kusema maji yanaunguza. Kumbe pilipili haiigizi moto. Inafungua mlango uleule ambao moto hufungua, na ubongo hauna njia ya kujua ni nani aliyeufungua. Tena kapsaisini ikiwa imeushika, mlango hauhitaji tena nyuzi 43. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Ndiyo habari ya vidole vyetu pale bombani. (Ndege wana mlango huu pia, ila wa kwao haushikwi na kapsaisini. Kwa hiyo humeza pilipili bila tabu na kuzisambaza mbegu zake.)

Baadaye ikapatikana milango mingine. Mwaka 2002 Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa njia yake, waliupata TRPM8, ambao hufunguliwa na ubaridi na vilevile na mentholi. Mwaka 2010 Patapoutian na wenzake walitangaza Piezo1 na Piezo2, milango inayofunguka utando wa seli unapokandamizwa. Wanasayansi hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ipo pia milango inayofunguliwa na tindikali, kama ile inayojikusanya kwenye msuli uliofanya kazi kupita kiasi.

Sasa angalia orodha yenyewe: joto, ubaridi, mkandamizo, tindikali. Hakuna hata kimoja kati yake kilicho maumivu. Kipokezi kinapeleka taarifa tu. Maumivu yanatengenezwa njiani na ubongoni, na kwa sababu yanatengenezwa, yanaweza kutengenezwa hata pale taarifa inapokuwa ndogo, au isipokuwepo kabisa.

Umeme unaopanda

Mlango ukifunguka, sodiamu na kalsiamu huingia ndani ya ncha ya neva na umeme hupanda kidogo. Umeme huo mdogo ungezimika papo hapo kama si milango ya aina nyingine, ile ya sodiamu, inayofunguka kwa kuhisi umeme wenyewe. Mmoja ukifunguka unamwamsha jirani, jirani anamwamsha wa pili, na ishara inakimbia hadi kwenye uti wa mgongo. Hakimbii mkimbiaji mmoja. Ukijigonga kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda, unasikia kwanza mchomo mkali, kisha kimya cha sekunde moja hivi, halafu yanakuja yale maumivu mazito yanayopwita na kukufanya ukae chini. Mchomo wa kwanza umepita kwenye neva zenye ganda la mafuta, zinazosafirisha ishara mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Uzito unaofuata umekuja kwa neva nyembamba zisizo na ganda, ambazo hazifikishi hata mita 2 kwa sekunde.

Kati ya milango hiyo ya sodiamu upo unaoitwa Nav1.7, na umuhimu wake ulidhihirika kwa njia ya kusikitisha. Kaskazini mwa Pakistan kulikuwa na mtoto aliyejulikana mitaani kwa kujichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa ya moto mbele ya watu. Hakuwa jasiri kuliko wenzake; alikuwa hasikii. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14 baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Watafiti waliwachunguza watoto wengine wa koo zilizohusiana naye, waliokuwa na makovu, midomo na ndimi zilizoumwa kwa meno yao wenyewe, na mifupa iliyovunjika bila wao kujua. Mwaka 2006 waliripoti kwamba jeni inayotengeneza Nav1.7 ilikuwa imeharibika kwao wote. Walihisi mguso, walijua joto na baridi, ila maumivu hawakuyajua. Na upo upande wa pili wa sarafu hiyohiyo: wapo watu ambao jeni yao ina kasoro inayoufanya mlango huu ufunguke upesi mno, na miguu yao huwaka moto kwa kuvaa soksi tu.

Jeni moja, matokeo mawili yaliyo kinyume kabisa. Anayedhani uvumilivu wa maumivu ni suala la moyo wa mtu peke yake, na awafikirie watoto hao.

Kengele zinapolegeza milango

Turudi kwenye jeraha la kawaida. Ngozi ikikatika au kifundo kikiteguka, seli zilizoumia na zile za kinga zilizokuja kuokoa humwaga mchanganyiko wa kemikali: prostaglandini, bradikinini, histamini, na protini iitwayo NGF ambayo kwa kawaida huzilea neva. Nyingi kati ya hizo hazifungui mlango wowote moja kwa moja. Zinagonga kengele. Prostaglandini ikishika kipokezi chake kwenye ncha ya neva, ndani ya seli vimeng'enya, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kemikali, huamka na kuipachika milango kama TRPV1 vipande vidogo vya fosfeti. Mlango uliopachikwa fosfeti unalegea. Kizingiti cha nyuzi 43 kinashuka, na kinaweza kushuka hadi joto la mwili wenyewe likatosha kuufungua. Ndiyo maana kidole kilichovimba kinauma kikiwa kimetulia hakijaguswa na kitu, na kinapwita kwa kufuata mapigo ya moyo: kila damu inapokijaza, mkandamizo mdogo ambao jana usingeuhisi leo unatosha.

NGF inafanya kazi ya taratibu zaidi, na kwa maoni yangu ya hatari zaidi. Kipokezi chake huingizwa ndani ya neva na kusafirishwa hadi kwenye kiini cha seli, karibu na uti wa mgongo, na huko kinaamuru milango mingine mingi itengenezwe na kupelekwa kwenye ncha. Hapo milango haijalegea tu, imeongezeka idadi.

Hadi hapa mwili haujakosea. Mguu uliovunjika unapaswa kuuma ukikanyagiwa, la sivyo ungeutumia ukaumaliza. Na hapa ndipo dawa tunazozifahamu zinapofanya kazi. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini inazuia utengenezaji wa prostaglandini, na ibuprofeni hufuata njia hiyohiyo. Dawa hizi haziugusi mlango. Zinapunguza wagonga kengele, na kama kinachokuumiza si kengele hiyo, zitakusaidia kidogo au zisikusaidie kabisa. Mwenye maumivu sugu ya neva anayemeza vidonge hivi kila siku bila nafuu anaumiza tumbo na figo zake kwa kutafuta kitu mahali kisipokuwepo.

Uti wa mgongo unapokariri

Kwa kawaida uvimbe unaisha, fosfeti zinaondolewa, milango ya ziada inapungua, maumivu yanakwisha. Madaktari huyaita sugu yale yanayoendelea au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Kwa wengi wa wagonjwa hao jambo kubwa limetokea ndani ya uti wa mgongo, kwenye kiungo kati ya neva inayotoka mwilini na ile inayopanda ubongoni.

Neva ya kwanza huzungumza na ya pili kwa kumwaga kemikali iitwayo glutamati. Neva ya pili ina vipokezi vya glutamati vya aina mbili vinavyokaa bega kwa bega. Cha kwanza, AMPA, hufunguka mara glutamati inapofika na kujifunga upesi. Huyo ndiye tarishi wa kila siku. Cha pili, NMDA, kina kizibo. Ayoni ya magnesiamu imekwama katikati ya mlango wake. Glutamati ikija kidogo, NMDA inashikwa, inajaribu kufunguka, lakini hakuna kinachopita. Ishara zikija kwa mfululizo, saa baada ya saa, umeme ndani ya neva ya pili unapanda hadi unaisukuma ile magnesiamu nje. Kizibo kinaruka, kalsiamu inamiminika.

Kalsiamu hiyo inaamsha vimeng'enya, na vimeng'enya vinaongeza vipokezi vya AMPA kwenye utando na kuvifanya viitikie kwa nguvu zaidi. Kuanzia hapo, ishara ndogo inazaa jibu kubwa. Hii ndiyo njia ileile ambayo ubongo huitumia kuhifadhi kumbukumbu: wimbo, sura ya mtu, njia ya kwenda nyumbani. Uti wa mgongo umekariri maumivu kwa kalamu ileile tunayokariria shairi.

Clifford Woolf, akifanya kazi London, alilionyesha jambo hili mwaka 1983 kwa panya. Baada ya mguu kujeruhiwa, neva za uti wa mgongo ziliitikia kupita kiasi, hata kwa sehemu za ngozi ambazo hazikuguswa na jeraha. Alipotia ganzi palepale penye jeraha, msisimko wa kwenye uti haukuondoka. Chanzo kimenyamazishwa, maumivu yanaendelea. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kuwaza kwamba asiye na jeraha linaloonekana anatia chumvi.

Mabadiliko haya yana matokeo mengine ya ajabu. Neva za mguso mwepesi, ambazo hazihusiki kabisa na hatari, nazo huingia kwenye uti wa mgongo jirani na njia za maumivu. Njia hizo zikishakuwa nyepesi kuamka, mguso wa kawaida unazivukia. Shati, shuka, upepo wa feni vinauma. Wapo watu wachache waliozaliwa bila Piezo2 inayofanya kazi; walipopakwa kapsaisini, moto wake waliusikia, lakini ngozi yao haikupata ule uchungu wa kuguswa. Hilo ni ushahidi mzuri kwamba shati linalomtesa mwenye mkanda wa jeshi linamtesa kupitia kipokezi cha mguso, kipokezi kisicho na kosa lolote, ambacho taarifa yake inasomwa vibaya juu.

Breki zinazokatika

Uti wa mgongo una breki pia. Neva fupi zilizotapakaa humo humwaga kemikali za kutuliza, GABA na glisini, ambazo vipokezi vyake huruhusu kloraidi kuingia ndani ya neva ya maumivu na kuituliza. Ukijigonga, mkono unakimbilia kupasugua. Mguso huo unaziamsha neva hizi za breki, na maumivu yanapungua kidogo. Ronald Melzack na Patrick Wall ndio walioeleza wazo hilo mwaka 1965, la kwamba kwenye uti kuna lango linaloweza kufungwa.

Neva ikijeruhiwa, breki zenyewe zinaharibika. Seli za kinga za uti wa mgongo, mikroglia, zinaongeza kipokezi kiitwacho P2X4, na kikiamshwa zinamwaga protini inayoifanya neva ya maumivu ipunguze pampu yake ya kutoa kloraidi. Kloraidi inarundikana ndani. GABA inapokuja na kufungua mlango wake, kloraidi haina tena haja ya kuingia, pengine inatoka. Breki inakanyagwa, gari halisimami. Seli za kinga zikifanya hivi, hakuna kipimo cha kawaida cha damu kitakachoonyesha.

Vipokezi vinavyofariji, na bei yake

Mwaka 1973 maabara kadhaa zilithibitisha kwamba ubongo una vipokezi vinavyoshika mofini, dawa kali ya maumivu. Swali likawa: mwili unahifadhi kufuli la dawa ya mmea kwa sababu gani? Jibu lilikuja mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, walipopata enkefalini, mofini ya mwili wenyewe. Vipokezi hivi ni vya aina ya kengele. Vikishikwa, kwenye neva ya kwanza vinafunga milango ya kalsiamu ili glutamati isimwagwe, na kwenye neva ya pili vinafungua milango ya potasiamu ili isiamke.

Tatizo ni kwamba vipokezi hivyohivyo vipo kwenye shina la ubongo linaloongoza pumzi, na kwenye utumbo. Dozi kubwa inazima pumzi, nyingi za kawaida zinaleta kufunga choo. Vikishikwa siku nyingi, seli inavivuta ndani na kuvidhoofisha, hivyo dozi ileile haitoshi tena, na kwa baadhi ya watu dawa yenyewe huongeza usikivu wa maumivu. Kwa maumivu ya upasuaji na ya saratani mofini ni rehema kubwa, na kumnyima anayeihitaji ni ukatili. Kwa mgongo wa miaka minne, vipokezi vyake vinamchoka mgonjwa kabla maumivu hayajamchoka.

Ugumu huu unajirudia kila mahali, kwa sababu mwili haukuweka kipokezi chochote kwa ajili ya maumivu tu. Dawa za kufunga TRPV1 zilipojaribiwa kwa binadamu, joto la mwili lilipanda, na wengine wakashindwa kutambua kwamba maji yanaunguza. Kingamwili za kuzuia NGF zilipunguza maumivu ya viungo, lakini viungo vya baadhi ya wagonjwa vikaharibika kwa kasi, na utengenezaji wa iliyokuwa mbele kuliko zote, tanezumab, ukasitishwa mwaka 2021. Milango ya sodiamu ikizibwa yote kwa pamoja, moyo nao unaathirika. Ndiyo maana lignokeini, ile ganzi ya daktari wa meno, inachomwa palepale penye jino. Kwa hiyo watafiti walisaka mlango wa sodiamu uliopo karibu kwenye neva za maumivu peke yake, wakauzingatia Nav1.8, na Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrigine inayouziba. Imeidhinishwa kwa maumivu ya muda mfupi, si sugu.

Kwa maumivu sugu ya neva zipo gabapentini, inayopunguza milango ya kalsiamu mwishoni mwa neva, na amitriptilini, ambayo watu huogopa wakisikia ni dawa ya sonona. Haikuandikwa kwa sababu daktari anadhani unawaza sana. Inaongeza kemikali ya noradrenalini kwenye njia zinazoshuka kutoka ubongoni kuja kukanyaga breki za uti wa mgongo. Usingizi wa kutosha na mazoezi yanayoongezwa polepole hufanya kazi kwenye njia hizohizo zinazoshuka, na si ushauri wa kumfukuza mgonjwa kistaarabu. Na pilipili imerudi kama tiba: plasta yenye kapsaisini asilimia 8 hubandikwa na wahudumu wa afya kwenye ngozi yenye maumivu ya neva. Inaufungua TRPV1 kwa nguvu kiasi kwamba ncha za neva zinalemewa na kalsiamu, zinajikunyata, na kukaa kimya kwa wiki kadhaa.

Kujua kipokezi au njia gani imeharibika kunaanza na maneno ya mgonjwa mwenyewe, na lugha yetu ina maneno ya kutosha. Yanayopwita na kuvimba yanaelekeza kwenye kengele za jeraha. Yanayochoma, yanayopiga shoti, yanayokuja na ganzi na hisia za kuchomwachomwa na sindano yanaelekeza kwenye neva iliyoharibika. "Yananiuma tu" hayaelekezi popote, kwa hiyo daktari mwangalifu atakuuliza tena. Kisha atachukua kipande cha pamba, aipitishe taratibu kwenye ngozi ya upande usiouma, halafu upande unaouma, akikutazama usoni. Pamba ikikuumiza, mwambie imekuumiza. Hapo ndipo anapata jibu ambalo eksirei haikumpa.